Mapango ya Amboni

Mtu atokaye mjini Tanga kwa barabara iendayo Horohoro na Mombasa, akishakwenda kiasi cha kilomita nane upande wa kaskazini, huona njia ya kuchepuka iendayo kijiji cha Kiomoni. Njia hiyo hupita katikati ya minazi, miembe na mihogo, na hapa na pale huonekana mkonge. Mgeni asiyeambiwa neno atadhani kuwa kijiji hiki ni kama vijiji vingine vya pwani. Lakini chini ya ardhi, karibu na Mto Mkulumuzi, kuna mapango ya mawe ya chokaa ambayo husemwa kuwa ndiyo makubwa kuliko yote ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Haya ndiyo Mapango ya Amboni.

Muhula uliopita sisi wa Kidato cha Nne tusomao Jiografia tulipata bahati ya kuyatembelea pamoja na mwalimu wetu. Mhariri aliponitaka niandike habari za safari hiyo nilisita kidogo, kwa sababu nilifanya huko jambo ambalo halikunipa sifa. Hata hivyo nimeona ni afadhali nilieleze, maana bila kulieleza jambo hilo sitaweza kueleza vizuri mapango yenyewe.

Kwanza nitataja historia yake kwa ufupi. Watu wa sehemu hizi, yaani Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa, waliyajua mapango haya tangu zamani sana, wakayaheshimu kama mahali pa mizimu. Katika mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, kampuni ya Amboni ilipata ardhi ya sehemu hizo. Mwaka uliofuata, 1893, Dakta Richard Hindorf alileta miche ya kwanza ya mkonge katika pwani yetu, na tangu hapo jina la Tanga na jina la mkonge yakawa kama pete na kidole. Inasemekana kuwa wakubwa wa kampuni waliyatumia mapango kwa matembezi yao ya mapumziko. Katika mwaka 1922 serikali ya Waingereza iliyatangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 1963, baada ya nchi yetu kupata uhuru, yakawekwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Basi mapango hayo si mali ya mtu mmoja, bali ni ya watu wote.

Tulipofika tulipokewa na mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wetu siku hiyo. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitika, "Marahaba, wanangu. Karibuni Amboni. Humu ndani mtaona mengi, lakini macho ndiyo yatazame, mikono ikae mifukoni." Sote tulicheka. Alitueleza kwamba mapango yako kumi, ila ni moja tu ambalo wageni hutembezwa.

Mlango wa pango ni mpana na juu yake mizizi ya miti imeshuka kutafuta maji. Ukiingia hatua chache, mwanga wa jua hubaki nyuma yako, na hapo kurunzi ndiyo jicho lako. Kuna vyumba virefu ambavyo dari yake ni juu kama ya msikiti mkubwa, na kuna mahali pengine ambapo hata mtu mwembamba hana budi kuinama na kutambaa. Harufu ya popo ni kali. Hao popo hulala humo mchana kutwa, na jua likitua hutoka kwa wingi kwenda kutafuta chakula. Kiongozi wetu alitumulikia kuta na kutuonyesha mawe yaliyofanana na vitu mbalimbali: tembo, mamba, merikebu, na hata Mlima Kilimanjaro. Wengine kati yetu waliona upesi, na wengine walisema wameona ili wasichekwe.

Tulipofika katika chumba kimoja chenye shimo jeusi la kwenda mbali, mzee akasimama akatupa hadithi inayojulikana sana Tanga. Inasimuliwa kuwa zamani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wazungu wawili waliingia humo na mbwa wao wasionekane tena. Baada ya muda mrefu mbwa wao alionekana karibu na Mlima Kilimanjaro. Wengine husema njia moja huenda Kilimanjaro na nyingine hutokea Mombasa. Vile vile inasimuliwa kuwa katika miaka ya vita vya Mau Mau nchini Kenya, vilivyoanza mwaka 1952, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walijificha katika mapango haya walipokuwa wakitafutwa na askari wa serikali ya kikoloni. Bibi yangu alinisimulia habari hizi nilipokuwa mdogo, nami niliziamini zote pamoja bila ya kuzichambua.

Lakini je, yawezekana njia ya chini kwa chini ikatoka Tanga ikaenda Kilimanjaro? Ili kulijibu swali hili yapasa kujua kwanza jinsi pango linavyofanyika.

Mawe ya Amboni ni mawe ya chokaa. Hapo kale sana, katika zama ambazo wataalamu huziita Jura, miaka milioni 150 hivi iliyopita, sehemu hizi zilikuwa chini ya bahari. Magamba na mifupa ya viumbe wa baharini yalianguka chini, yakalaliana tabaka juu ya tabaka, yakashindiliwa mpaka yakawa mwamba. Baadaye bahari ikarudi nyuma, na mwamba huo ukabaki nchi kavu. Watu wengi husema kwamba mapango yana umri wa miaka milioni 150, lakini hapo yafaa tuwe waangalifu. Umri huo ni wa mawe. Pango lenyewe ni tundu lililotobolewa ndani ya mawe hayo baadaye, kama vile mvungu wa mti ulivyo mdogo kwa umri kuliko mti wenyewe.

Aliyetoboa ni maji. Mvua inyeshapo huchukua hewa ukaa iliyomo angani, na ikipenya katika udongo wenye majani yaliyooza huchukua hewa hiyo kwa wingi zaidi. Maji hayo huwa na ukali kidogo, kama wa ndimu iliyotiwa maji mengi. Mwalimu wetu alitufanyia majaribio darasani: alikamua ndimu juu ya kipande cha jiwe la chokaa, nasi tukaona mapovu madogo yakichemka. Mapovu hayo ndiyo dalili kwamba jiwe linaliwa. Maji ya mvua huingia katika nyufa za mwamba, hula jiwe kidogo kidogo, na ufa ukawa mfereji, na mfereji ukawa pango. Mito nayo husaidia kwa kusukuma na kupanua.

Sasa jiwe lililoliwa huenda wapi? Huchukuliwa ndani ya maji, lisionekane, kama chumvi katika mchuzi. Maji hayo yakidondoka kutoka dari ya pango, ile hewa ukaa hutoka na kurudi katika hewa, na chokaa hushindwa kubaki ndani ya maji, ikaganda. Jambo hili si geni kwetu. Wasomaji wanaokaa pwani na kutumia maji ya kisima wameona ule ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika la chai. Ukoko wa birika na nguzo za Amboni ni ndugu. Tone moja huacha chembe ndogo sana darini, na tone lifuatalo huongeza chembe nyingine, mpaka jiwe linaning'inia kama chuchu au mkia. Jiwe la namna hiyo huitwa stalaktiti. Tone liangukalo chini nalo huacha chembe yake, na jiwe huinuka kutoka sakafuni, nalo huitwa stalagmiti. Yakikutana, huwa nguzo.

Mtu akishayajua hayo, hadithi ya Kilimanjaro aweza kuipima mwenyewe. Maji hula mawe ya chokaa, wala hayawezi kula mawe ya kila namna kwa jinsi hiyo. Mawe ya chokaa ya Tanga ni ukanda wa karibu na pwani. Ukienda magharibi unakuta milima ya Usambara, ambayo ni mawe magumu mengine ya kale zaidi, na Kilimanjaro ni mlima uliotokana na moto wa volkeno. Kutoka Tanga mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Pango la chokaa halina njia ya kupita huko. Tena katika mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na wa Kituruki waliingia katika mapango ya Amboni na vipimo vyao, wakaona kwamba pango lililo refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja.

Nakiri kwamba nilipoambiwa hayo nilihuzunika. Niliona kama nimenyang'anywa kitu. Kilomita moja! Hiyo ni safari ya kutoka bwenini kwetu mpaka dukani na kurudi. Nikajiambia moyoni kuwa kumbe pango hili ni dogo, na sifa zake ni maneno ya watu tu. Nadhani dharau hiyo ndiyo iliyonifanya nitende nililotenda.

Kabla ya kulieleza, nitaje mahali pamoja zaidi. Ndani ya pango kuna sehemu iitwayo Mzimuni. Watu huja hapo kuomba, hasa waliokosa watoto na wenye maradhi, nao huacha sadaka zao. Tuliona chupa za marashi, vitambaa na sarafu. Wawili watatu kati yetu walianza kucheka chini chini. Mzee hakukasirika, ila alisema kwa sauti ndogo, "Wanangu, mtu hamchukui mzazi wake gizani kote huku kwa mchezo. Aliyekuja hapa amekuja na shida." Tulinyamaza. Kila mtu ana dini yake na elimu yake, lakini nafikiri maneno ya mzee yalikuwa ya haki. Sarafu zile hazikuwa na mlinzi, na wala hapana aliyezigusa.

Mimi sikugusa sarafu. Nilifanya jambo jingine. Wenzangu walipotangulia katika njia nyembamba, nilibaki nyuma, nikaona kando ya kichwa changu stalaktiti ndogo yenye ncha, nyeupe na yenye unyevu, na tone la maji likining'inia mwishoni. Niliishika nikaipinda. Ililia "tak", kama fimbo kavu, ikabaki mkononi. Niliitia mfukoni nikawafuata wenzangu. Nilitaka kuwaonyesha nduguzo zangu nyumbani.

Siku ya Jumatatu niliileta darasani na kuwaonyesha wenzangu wa jirani, na mwalimu akaniona. Hakunipiga wala hakunipeleka kwa Mkuu wa Shule. Aliniambia nichukue rula nilipime jiwe hilo mbele ya darasa. Urefu wake ulikuwa sentimita 6, yaani milimita 60. Kisha akaandika ubaoni kwamba katika mapango mengi ya chokaa mawe ya namna hii hukua polepole sana, na kiasi kinachotajwa mara nyingi ni sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Akaniambia, "Haya, piga hesabu."

Nilipiga hesabu. Milimita moja ni miaka 10. Milimita 60 ni miaka 600.

Darasa zima lilikaa kimya. Mwalimu alitukumbusha kwamba hilo ni kadirio tu, kwani jiwe moja hukua upesi na jingine hukawia, kwa kadiri ya mvua na maji. Hata hivyo akauliza, "Miaka 600 iliyopita pwani yetu ilikuwaje?" Mwanafunzi mmoja mwenye bidii katika somo la Historia akajibu kuwa Wareno walikuwa bado hawajafika, maana Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498. Basi jiwe lile lilikuwa limeanza kudondoka kabla ya Wareno. Liliendelea kudondoka wakati wa Waarabu wa Omani, wakati wa Wajerumani na wakati wa Waingereza, likapata uhuru pamoja nasi, na mimi nikalivunja kwa muda usiofika hata dakika moja.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu, na tena nikafahamu nilivyokosea katika kulidharau pango. Nilidhani ukubwa wa pango ni urefu wa njia zake. Kumbe ukubwa wake ni muda. Hadithi ya Kilimanjaro hupendeza, lakini kweli ya tone la maji ni ya ajabu zaidi, na kila mtu aweza kuihakikisha kwa ndimu na birika.

Mwalimu alitueleza zaidi kwamba mapango huharibiwa hata na watu wasio na nia mbaya. Kidole chenye mafuta ya mwili kikigusa jiwe linaloota, chokaa yaweza kushindwa kushika mahali hapo, na jiwe likaacha kukua. Moshi wa mienge huacha masizi. Majina yanayochorwa kutani hayafutiki. Alitupa mfano wa pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye picha za wanyama zilizochorwa na watu wa kale. Liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa wageni mwaka 1948, na mwaka 1963 ilibidi lifungwe, kwa sababu pumzi za wageni wengi pamoja na mwanga wa taa zilikuwa zimeanza kuziharibu picha. Kama pumzi tu yaweza kuharibu, itakuwaje mkono?

Kuna jambo jingine ambalo wazazi na wakubwa wetu wanalijua zaidi yangu, lakini nalitaja kwa heshima. Mawe ya chokaa ya Tanga ni riziki ya watu wengi. Hupasuliwa kuwa kokoto, huchomwa kuwa chokaa, na hutumiwa kufanya simenti. Nyumba zetu na hata mabweni yetu yamejengwa kwa mali hiyo, basi si haki kumlaumu mtu apondaye kokoto ili apate ada ya mtoto wake. Ila jiwe lijengalo nyumba na jiwe lenye pango ni mwamba wa namna moja, na mahali pa kuchimba pakichaguliwa bila kuangalia, pango laweza kupotea. Kokoto zapatikana mahali pengi, lakini pango kama la Amboni halipatikani pengine hapa kwetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini sheria haina macho ya kuona gizani. Yatupasa sisi wenyewe tuwe macho yake.

Likizo ilipofika nilipata ruhusa ya baba nikarudi Amboni, nikiwa na lile jiwe nimelifunga katika leso. Njiani nilikuwa nikitengeneza maneno ya kusema, lakini nilipomwona mzee yote yalinipotea. Nilimwamkia nikamfungulia leso. Alilitazama jiwe, akanitazama na mimi, akasema, "Ulikaa nyuma kwenye njia nyembamba. Nilisikia mlio, nikadhani umekanyaga kijiti." Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Nimekusamehe, mwanangu. Jiwe limerudi, lakini halipandi tena juu."

Kisha akanichukua na kurunzi yake mpaka mahali pale. Kisiki cha jiwe kilikuwa bado cheupe. Tulisimama tukingoja, na baada ya kitambo tone la maji likakusanyika pale nilipovunja, likaning'inia, likaanguka. Mzee akasema, "Limeanza upya."

Kwa kadiri ya hesabu ya mwalimu, jiwe hilo litarudi katika urefu wake wa kwanza baada ya miaka 600 hivi. Hapana hata mmoja wetu asomaye gazeti hili atakayeliona. Kwa hiyo nawasihi wenzangu, hasa wa Kidato cha Tatu watakaokwenda Amboni mwakani: nendeni, kwa maana ni mahali pa kupendeza na pa kujifunza, na watu wake ni wakarimu. Sikilizeni hadithi zote za mzee, hata ile ya mbwa. Chukueni kurunzi, daftari na kalamu. Na alivyosema mzee, mikono ikae mifukoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne